Hodi Kwenye Ramani

Raya alimpakatisha mama yake kishikwambi. Mji mzima ulikuwa humo, kila nyumba nukta ya kijani. Ukiigusa, inafunguka na kukuonyesha ina wakazi wangapi. Kesho angeionyesha ramani hiyo mbele ya baraza la mji.

"Gusa yoyote, mama."

Bi Mwanakheri aliurudisha mkono. "Hizi si nyumba za watu? Naingiaje bila hodi?"

Raya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini mama hakuwa na mzaha. Kila nukta aliipigia hodi, akangoja kidogo, ndipo akaigusa. Akaupita mtaa mzima hivyo, mpaka akafika kwake.

"Hodi," akasema. Nukta ikafunguka: wakazi wawili.

Raya alishtuka. Takwimu zilikusanywa kabla baba hajafariki. "Nisamehe, mama. Narekebisha sasa hivi."

"Hebu ngoja, mwanangu."

Mama akaifunga nukta, akajitanda kanga yake vizuri. Akapiga hodi tena, safari hii kwa sauti ya chini, akatega sikio. Raya, kidole kikiwa bado hewani, akajikuta naye anasikiliza.