Mstari Uliofutwa

"Nani kafuta mstari wangu wa tahadhari kwenye programu ya dawa?" Tunu alifoka katika ofisi ya programu za hospitali.

"Mimi," alisema Shekuwe, bosi wake. "Mwongozo wa lugha ya kompyuta tunayoandikia programu hausemi popote kwamba uzito usipojazwa, utachukuliwa wa mgonjwa aliyetangulia."

"Hausemi, lakini unachukuliwa!"

Tunu aliingiza kwenye kompyuta mgonjwa mwanamume wa kilo themanini na mbili. Kisha akaingiza kichanga, sehemu ya uzito akaiacha tupu. Printa ikatoa lebo ya dawa ya kichanga, yenye kipimo cha mtu mzima.

Tunu akaibandika kwenye shati la Shekuwe.

"Leo siku ya tatu wodi ya watoto wanaitumia programu hivi, bosi!"

Shekuwe akaikwangua lebo kwa ukucha. Jina la mtoto likatoka. Kipimo kikabaki kifuani.