Boya Linalojibu

Kila Ijumaa Zamda, fundi wa maboya, alitoka nyumbani akiimba. Mumewe, Msellem, aliamini kuna mwanamume huko baharini. Leo akapanda naye boti ya bandari.

Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na kifaa cheupe juu ya boya la kuonya meli penye mwamba, na Zamda akikipangusa kinyesi cha ndege kwa upole ambao Msellem alikuwa ameusahau.

"Tazama, shemeji," nahodha alisema, akimwonyesha kioo cha rada. "Rada ikikiuliza kifaa kile, kinajibu."

Alama iling'aa kiooni. Wivu ukampanda Msellem upya.

"Mbona mimi nikikuuliza hunijibu?" alimfokea mkewe.

"Wewe huniulizi, bwana. Unaamrisha."

Nahodha aliangalia pembeni. Msellem alifungua kinywa, akitafuta swali. Kiooni, alama iling'aa tena.