Vita vya Karungu

Wanaume waliojipaka matope walishuka kilimani na mikuki, ng'ombe wakitimuliwa mbele yao, pembe inalia, na Elkana akawaambia wazungu wake wawili walale chini. Walilala. Blauzi nyeupe ya Bi. Carlisle, mgeni kutoka makao makuu, ikapata rangi ya udongo wa Karungu.

"Ni wangapi?" alinong'ona.

"Wengi, madam. Na hao ni wa mbele tu."

Mpiganaji mmoja, aliyekuwa akimswaga fahali wa pembe moja, alimwona Elkana kwenye majani, akampungia mkono huku anacheka.

"Anatutisha," Elkana alieleza.

Kilimani hakukuwa na vita. Kulikuwa na matanga. Mzee Ogola alikuwa amezikwa, na watu wake walikuwa wanafanya tero buru, yaani kukifukuza kifo mbali na boma kwa mikuki, ng'ombe na makelele, kama Wajaluo wanavyomfanyia mzee wao. Elkana alilijua hilo vizuri, maana marehemu alikuwa baba yake mdogo. Kwa haki, naye alipaswa kuwa pale na mkuki.

Lakini Elkana alikuwa kazini.

Kongo ilipoanza kuwaka mwaka wa 1996, serikali moja ya ng'ambo ilitaka kujua kama moto ule utafika na huku kwetu. Ikamtuma Bwana Pryce akae Migori, eti mtafiti wa magugu ya ziwani. Pryce alikuwa mnene, mwekundu, na lugha za huku hakujua neno zaidi ya "Fanta baridi". Miaka miwili aliketi kwenye veranda ya lodging akingoja makabila yapigane, na Elkana, mkalimani wake, akamletea mapigano. Vijana wa Kikuria waliotoka kutahiriwa, wakiimba na marungu kwenye barabara ya Isebania, wakawa jeshi. Mashabiki wa mpira wa Homa Bay na matawi yao wakawa waasi. Harusi moja ya Mfangano, mitumbwi imejaa mashangazi, ikawa uvamizi.

Pryce aliandika yote. Hakuuliza hata swali. Elkana hakuwahi kukutana na mtu mzima anayedanganyika upesi hivyo, na alishawahi kufanya kampeni za uchaguzi.

Nyumba ya Elkana ilikuwa imeezekwa mabati nusu. Nusu nyingine ilingoja vita.

Sasa makao makuu yalikuwa yameingiwa na shaka. Ndiyo maana wakamtuma Bi. Carlisle, msichana mwenye digrii ya makabila yetu, aje ajionee. Mwenyewe alikuwa amesema asubuhi, akipaka mkate siagi: asipoona vita, ofisi ya Migori inafungwa. Elkana akasukuma chai yake kando. Kazi nyingine aliyoijua ni kuvuta nyavu, na mgongo wake haukuitaka tena.

Majani yakachakacha nyuma yao. Alikuwa Milka, mjane wa Ogola, nguo ameivaa nje ndani kwa majonzi.

"Elkana, nyathina, mwanangu," alisema kwa Dholuo, "wenzako wanafukuza kifo cha baba yako, wewe umelala kwenye majani na wazungu. Una homa?"

"Anasema wanaume wote wameenda vitani," Elkana alitafsiri. "Waliobaki ni wagonjwa tu."

Bi. Carlisle hakuandika. Alisimama, akajikung'uta, akafungua mdomo. Kikatoka Kiswahili. Alikuwa amekisomea kwao, na ngeli zake zilikuwa zimenyooka kuliko za chifu.

"Pole kwa shida, mama. Je, adui yenu ni nani?"

Elkana alisikia mabati yake yanang'oka moja baada ya lingine. Milka aliuza omena, dagaa wa ziwani, Isebania soko baada ya soko. Kiswahili alikuwa nacho cha kutosha.

"Adui? Yawa! Sisi hatuna adui, mama. Hii ni ya—"

Hapo Bwana Pryce akapiga yowe. Akashika paja, akabingirika mteremko mzima kama gunia la mihogo, kamera shingoni, mpaka ndani ya mikonge.

"Mshale!" alilia kwa Kiingereza. "Nimepigwa mshale!"

Bi. Carlisle hakungoja jibu la mtu tena. Alitimua mbio hadi kwenye gari, akajifungia, akalala sakafuni na digrii yake yote.

Milka alimtazama mzungu mnene akigaragara.

"Kwani huyu alikuwa anajuana na Ogola?" aliuliza. "Analia kunishinda mimi."

Elkana aliteremka mbio, moyoni akimshukuru Mungu kwa kuumba wajinga. Kutoka kwenye gari, Bi. Carlisle alipaza sauti kupitia ufa wa dirisha: ameona ya kutosha! Ofisi haifungwi! Ataomba hata gari la pili! Kisha akapandisha kioo mpaka mwisho.

Elkana alipiga magoti kwenye mikonge, akamkunja Pryce suruali kutafuta mshale. Hakuona mshale. Hakuona hata mwiba.

"Pole sana, bwana," alisema kwa Kiingereza, uso ameukaza asicheke. "Vita ni kitu kibaya."

Pryce alinyanyua shingo, akalitazama gari, akahakikisha vioo vimefungwa. Kisha akasema, kwa Dholuo ya kuzaliwa Karungu:

"Omera, poleni na msiba wa mzee. Lakini yule fahali wa pembe moja usimlete tena. Kwenye ripoti zangu Wakuria wamemwiba mara mbili, na mwezi wa nane nilishaandika kwamba ameuawa."