Kibao cha Kivuko

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Ifakara iliamka na manyunyu.

Balbina alifunga mlango wa karakana yake ya mabango ili kuwe giza, akakimulika kwa tochi kibao cha kivuko cha shule. Kingo za stika ya kuakisi mwanga ziling'aa. Picha ya watoto, aliyoichapa, akaifunika kwa plastiki na kuibandika juu ya stika hiyo, ilibaki giza.

Alipofungua, wazazi waliokuja kuchukua kibao walishangilia.

"Dada, watoto wamenona! Wa mtaa wetu wa Lipangalala kweli hawa?" mmoja alitania. "Lete tukakisimike."

Mchana nani angejua kuwa picha haiakisi mwanga? Lakini wanafunzi huvuka alfajiri, kungali giza.

Balbina alipenyeza ukucha chini ya picha, akavuta. Ikachanika kifuani pa mtoto.

"We! Una wazimu?" yule mzazi alimaka.

"Dereva asingewaona. Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: kesho mtapata watoto wanaoonekana gizani."