Picha Iliyocheza

Anayeanza kutengeneza filamu huambiwa mapema: picha ikicheza, yaani ikitikisika, ikate. Ndiyo maana binti wa fundi saa alikuwa karibu kuifuta ile aliyoipenda kuliko zote, ya baba yake akirudisha skrubu ndani ya saa ya mteja. Ilicheza mno.

Alijilaumu kwa kushika kamera ovyo. Halafu akakumbuka kwamba hakuishika. Ilikuwa juu ya stendi.

Akairudisha nyuma, akaitazama polepole. Ukingo wa meza ulikuwa umetulia tuli, na kikombe pia. Vilivyotetemeka ni vidole vya baba, na skrubu iliyokataa kuingia tunduni. Mara mkono wa kushoto ukaja ukaushika wa kulia, taratibu, kama jambo lililozoeleka.

"Vipi mwanangu, nimetoka vizuri?" baba aliuliza kwa bashasha kutoka sebuleni.

"Umetoka vizuri, baba."

"Basi lete nione!"

Binti aliiacha kompyuta pale pale, akaenda kukaa naye kwenye kochi, akaushika mkono wake wa kulia.

Baba alitaka kuuvuta. Kisha akauacha.