Siku ya Ziada ya Mama

Sheria ilipotaka tarehe zote ziwe za kalenda moja ya dunia, tuliiambia nyumba, ambayo mtambo wake wenye akili ndio hututunzia kumbukumbu, siku aliyofariki mama kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo: tatu Mfunguo Tano. Alifariki baada ya Magharibi, na kwa hesabu yetu siku mpya huanza jua likizama. Nyumba haikulijua hilo, ikaandika tarehe ya kesho yake, ikampa mama siku moja zaidi.

Kila mwaka nyumba hutuwekea sauti ya marehemu iliyorekodiwa katika siku zake za mwisho. Siku ile iliyozidi haikuwa na sauti, basi nyumba ikaitunga.

“Mmekaa kama wageni,” sauti ya mama ilisema jikoni. “Kahawa hamnimiminii?”

Nilicheka. Dada Mwanatumu akainuka kwenda kwenye kitufe cha ukutani kusahihisha tarehe. “Zaituni, mama tulishamwosha, tukamzika. Huyo unayemchekea si yeye.”

“Najua, dada. Lakini ukisahihisha, anaondoka.”

“Mwanatumu,” sauti ikaita, “kesho njoo mapema, tusuke ukili wa mkeka.”

Mkono wa dada ulisita kwenye kitufe, kisha ukashuka. “Nitakuja, mama,” akasema, akakaa.

Nyumba ikauliza kwa upole kama itutungie sauti ya mama na ya kesho. Tulitazamana. Hakuna aliyesema hapana.