Mpango wa Kabula wa Kuvunja Zoni

Siku hizi mchezaji wa kikapu akifa, mipango aliyobuni inafutwa kwenye vidude vya kumbukumbu walivyopandikizwa wachezaji wote nyuma ya sikio. Wakubwa wanasema ni heshima kwa marehemu. Heshima gani? Mke wangu Kabula kazikwa Jumanne, Ijumaa wanafuta.

Alhamisi nikapanga vikombe mezani, viwili mbele, vitatu nyuma. Hiyo ndiyo zoni, kila mlinzi na eneo lake. Nikamwita binti yetu Nyamizi, anayechezea mkoa.

"Mpira kapewa mtu wa katikati, walinzi wote wanamkimbilia. Wewe uko wapi?"

"Kwenye kona, nyuma yao. Mama aliuona huo ujanja kwa kuku wetu wakigombea pumba!"

Tukacheka mpaka akalia.

"Urudie mpaka uingie miguuni," nikamwambia. "Huko hawafiki."

Akaurudia pale jikoni mara ishirini.

Ijumaa jioni nikamwambia, "Mpira uko katikati." Miguu yake ikaenda kwenye kona yenyewe. Akasimama pale, mikono tayari kupokea, akishangaa.

"Baba, hii nimefundishwa na nani?"

"Mama yako."

Akacheka. "Mama? Mama na kikapu wapi na wapi!"